Rupia Sita za Baba

Bondeni, Nakuru
2 Juni 1957

Kaka Ishak,

Sonara Dualeh amesema jana kwamba rupia sita za Baba zimeshika utandu wa kijani unaonata, na hautatoka bila majivu na ndimu. Sisi huku wazima. Wifi na watoto je?

Zile sita nyingine nilizisugua mwaka jana kwa majivu zikang'aa kama sufuria ya harusi, na mwamuzi wa maonyesho ya sarafu akazikataa. Alisema watu wa Bondeni wajifunze kwanza kutunza. Mwaka huu nataka jina la Baba lisomeke ukumbini. Zinakaguliwa tarehe 22.

Hizi sikuzigusa. Nilizifunga tu katika pochi ya plastiki uliyonipa Idi ya mwaka juzi. Nifanyeje?

Dada yako,
Khamisa

Molo
6 Juni 1957

Dada Khamisa,

Mwenye kosa ni pochi yangu. Mkemia mwenye duka ninalofanyia kazi anasema plastiki laini hutoa mafuta yanayoshika fedha. Wifi yako hajambo, ila baridi ya Molo unaijua.

Anayekuletea barua hii ana chupa ya asetoni, dawa inayoyeyusha mafuta hayo, nayo hushika moto upesi. Fungua madirisha, zima jiko. Mimina katika bakuli la glasi, loweka rupia moja moja, kisha isuuze katika asetoni nyingine safi. Shika ukingoni. Usisugue hata kwa kidole. Ilaze juu ya kitambaa ikauke. Weusi wa uzee uache, ni wa kwake. Kisha funga kila moja kwa pamba safi, ndani ya kopo kavu. Plastiki na mpira usitie.

Majivu mwachie Dualeh asugulie masufuria ya mkewe.

Kaka yako,
Ishak

Bondeni, Nakuru
23 Juni 1957

Kaka Ishak,

"Hizi hazijaharibiwa na mtu." Hayo kayasema mwamuzi yule yule jana, akiwa na kioo chake jichoni, kisha akazipa nafasi ya kwanza. Tu wazima, na mimi zaidi.

Nilimwuliza, "Bwana, Bondeni tumejifunza?" Akakohoa, akaandika.

Dualeh aliniona nikiloweka akauliza kama napika mchuzi wa rupia. Jana alinifuata nyumbani kuulizia chupa, ati ana sarafu zake za riale. Nimemwambia alete bakuli lake.

Katika pochi yako nimeweka vifungo vya nguo.

Kadi ya Baba imeshaandikwa: Miraji, mpagazi wa vita vya Wajerumani, Nakuru. Ukumbi utafunguliwa Jumamosi, tarehe 6 Julai, saa nne asubuhi. Njoo na wifi.

Dada yako,
Khamisa