Paka wa Tatu

Getrude, usicheke. Ukicheka siongei nawe wiki nzima.

Si unajua mume wangu kakodi lile gari lenye kitanda na jiko ndani? Leo tumetoka nalo Lindi, tunaenda Newala kwa mama mkwe, na paka wangu wawili humo humo.

Tukasimama Nanganga kununua ndizi. Nikawashusha paka wapunge upepo.

WEEE! Watu wametuzunguka! Mama muuza ndizi kanishika mkono: "Mmekuja kututupia paka wenu wezi? Hapa hatuwataki!"

Namwambia mama, hawa tunasafiri nao.

"Paka anasafiri kwenda wapi?"

Kweli Getu, kwenda wapi? Kwetu paka akipanda gari yumo kwenye gunia, na harudi.

Basi wakawakamata wenyewe, wakatupakilia. Yule mama kafunga mlango kwa mkono wake, katutakia safari njema. Nikasema kumbe ana roho nzuri!

Tumefika Newala. Mama mkwe yuko uani, nampa shikamoo, nafungua mlango. Anashuka paka. Anashuka wa pili. ANASHUKA WA TATU! Dume, sikio limekatika.

Jikoni moja kwa moja, katoka na samaki wa mama mkwe mdomoni!

Wamenitupia mwizi wao, Getu. MIMI!

Natamani ardhi inimeze, mama mkwe wala hajakasirika. Kauliza tu, "Mtarudi kwa njia hiyo hiyo ya Nanganga?"

Nikasema ndiyo.

Sasa hivi anatafuta gunia. Anasema na yeye ana mwizi wake.