Firigisi ya Kuku wa Masika

Kasese, baada ya Pasaka

Mama yangu,

Nakusalimu sana, kutoka huku bondeni mpaka huko kwenu milimani Butembo. Goti lako linasemaje siku hizi? Kikohozi je, kimekuacha ulale? Sisi hapa tunapumua, na kwa hilo namshukuru Mungu. Nawe Kahindo, mdogo wangu unayemsomea Mama, soma polepole, na ukifika mahali pabaya usiruke.

Mama, mabati hayaji. Nimelitanguliza hili ili usilitafute kila mstari.

Unajua ile nyumba ya Bwera tuliijenga mimi na mke wangu Masika, baada ya kukimbia vita. Tangu malori ya kahawa yazuiwe mpakani, biashara yangu imekufa, na sasa niko hapa Kasese nabeba marobota ya pamba. Wakulima wa Kyarumba walionikopesha kahawa walikuwa wananidai, na wana haki, maana waliishusha mlimani kwa vichwa vyao. Basi tukaamua kuuza nyumba. Jirani yetu Baluku alikuwa akiitamani siku nyingi. Nikamwambia, chukua kiwanja na kuta, fedha yako nitawapa watu wa Kyarumba, lakini mabati nitayashusha, ni ya mama yangu. Akakubali, akasema ataezeka mwenyewe. Tuliongea kwenye ua wa miti, mimi upande huu, yeye upande ule, tukamaliza. Dalali hakuwepo.

Siku ya kukabidhiana, Masika alichinja kuku na tukaita mashahidi wawili. Tukiwa tunanawa mikono, akaingia Yosia. Huyu ni dalali wa pale sokoni, huwauzia watu nyumba na mashamba na kula kamisoni. Hakuna aliyemwita.

"Harufu iliniita," akasema, akavuta kiti.

Ulinilea nisimfukuze mtu kwenye chakula, Mama. Sahani ilipofika, Yosia akachagua firigisi kwa vidole vyake, kitu ambacho wewe hukuwahi kukionja miaka yote uliyompikia Baba.

"Leo mimi iko mukubwa ya hii nyumba," akasema, akaitia mdomoni.

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ningefanya nini, nimpokonye mgeni tonge? Masika peke yake hakucheka. Alisimama mlangoni na bakuli la mchuzi, akiniangalia.

Juma lililofuata niliitwa barazani kwa chifu. Nikamkuta Yosia amekwisha kaa, anadai kamisoni ya kuuza nyumba yangu! Nikasema huyu hakuniletea mnunuzi, hakutembea hata hatua moja, Baluku nimeishi naye ua kwa ua. Yosia hakubishana nami. Akamgeukia Baluku.

"Baluku, sema mbele ya mzee. Siku ile ya kuku, nani alikula firigisi?"

Baluku akatazama miguu yake. "Ni wewe ulikula."

"Na mwenye nyumba alikataa?"

"Hapana. Alicheka."

Chifu naye akacheka mpaka akafuta macho. "Sasa kesi iko wapi? Firigisi iko ya mwenye nyumba. Wewe ulimupatia nyumba, yeye aliuza. Lipa mutu."

Nilianza kusema, Mama, nakuapia. Hapo chifu akaniuliza, bila ukali wowote, kama karatasi zangu za ukimbizi ziko sawa. Nikaketi. Mgeni ni kuku mweupe, na siku ile nilijiona mweupe kweli.

Fedha ya Baluku ilikuwa imekwisha kufika Kyarumba. Yosia akasema hana shida na fedha, mabati yatatosha. Akaja na watu wake wakayashusha yote mchana kweupe, wakiimba. Baluku alinifuata na machozi. "Ndugu yangu, ningedanganya namna gani?" akasema. "Mimi pia nilikula kuku yako."

Nina hasira, lakini haina pa kwenda. Naamka nayo, nabeba nayo marobota, narudi nayo. Mwenye nguvu mpishe, nami nimepisha mpaka sina pa kusimama.

Kinachoniuma zaidi ni wewe. Mimi ndiye niliyekuandikia usikate nyasi za kuezeka mwaka huu. Ukanijibu, "Niko nangoja manjanja yangu," kama mnavyoyaita mabati huko, na nasikia umewatangazia akina mama wote wa kanisani. Sasa nyasi nzuri zimekwisha chomwa, na mvua inakuja. Kahindo, tafuta hata za mabondeni, hata za kuomba. Siwezi kuja kukusaidia. Nikiondoka hapa kiwandani, mahali pangu patapata mtu siku hiyohiyo.

Nisalimie mjomba katekista, aniombee. Nisalimie shangazi muuza mihogo, na watoto wote wa Kahindo. Masika anakupigia magoti.

Barua hii anaileta yule mama anayevuka mpaka kwa miguu na chumvi. Nimempa pia mkebe wa majani ya chai. Usichemshe maji, Mama, si chai. Ni misumari ya mabati. Masika aliiokota yote chini na kuinyoosha kwa jiwe, kwa sababu Yosia hakuitaja. Iweke mahali pakavu, kama kwako pamebaki.

Mimi mwanao,
Kambale