Matangazo Pekee Uliyoyakosa, Babu

Mpendwa Babu, mume wangu wa kwanza na mpaka leo wa pekee,

Nakuandikia kutoka kibandani kwangu hapa sokoni Tunduma, katikati ya vitenge. Leo wateja wachache. Foleni ya malori imeziba njia na Wazambia wangu hawajavuka, nimekaa tu. Kila anayepita ananiuliza habari za siku ya mazishi yako. Hata waliokuwepo wanataka wasimuliwe upya, na mimi nimechoka kuwasimulia watu waliosikia kwa masikio yao wenyewe. Jana ndipo nikagutuka: mji mzima unajua nilivyokutangaza, isipokuwa wewe. Mtu uliyetangaza mpira tangu baba yangu yuko shule ya msingi, halafu matangazo yako mwenyewe ukayakosa! Haya, tulia nikusimulie. Na usinikate kauli, safari hii maiki ninayo mimi.

Nitaanza mbali kidogo, kama ulivyozoea wewe. Maana wewe ulikuwa huwezi kusema timu zimeingia uwanjani bila kwanza kutuambia nani amenyoa na nani amekuja na viatu vya kuazima.

Nakuona juu ya lile kreti la soda pembeni ya uwanja, suruali umeipandisha mpaka tumboni, maiki umeivalisha soksi. Soksi ya Bibi, ile ya sufu ya zambarau. Malori yakipita yalikuwa yanatumwagia vumbi, na wewe ulisema maiki ikila vumbi inakohoa. Bibi aliitafuta ile soksi nyumba nzima, akatushuku wote, mpaka Jumapili moja akapita uwanjani akaikuta inatangaza mpira. "Mwizi wewe!" akapiga kelele mbele za watu. Nawe hukusita hata kidogo. Ukasema kwenye spika, "Wasikilizaji, kuna mama hapa anasema refa ni mwizi, na mimi naungana naye mia kwa mia." Uwanja ulilala chini kwa kicheko. Bibi naye alicheka, ingawa mpaka leo anakana.

Nani mwingine angetangaza mpira wa Tunduma vile? Beki akizembea, ulisema amepaki kama lori la shaba, anasubiri karatasi zake zitoke forodhani. Kipa akipitwa, ulisema amefungua geti bila hata kuuliza pasipoti. Mpira ukipigwa nje upande wa Nakonde, ulitangaza kwamba umevuka mpaka bila kugonga muhuri na unatafutwa. Ikiwa ni siku ya kucheza na hao wenzetu wa ng'ambo, ulianza na "Mulishani mukwai", salamu yao ya heshima, halafu ukawaeleza kwa Kiswahili kirefu jinsi watakavyofungwa. Na walikupenda! Wazambia wanaokuja kununua vitenge hapa bado wananiuliza habari za yule mzee mwenye maneno.

Mpira ukipooza, ulikuwa unatangaza chakula chako cha mchana. "Jamani hapa hakuna kinachoendelea, ngoja niwaambie yale maharage." Baba alikuwa anaona aibu. Mimi nilikuwa nakaa miguuni pako na karanga zangu, najiona nimeolewa na mfalme.

Lakini kuna siku nimeibeba moyoni kuliko zote. Yule kijana wa timu yetu ya sokoni aliyepiga penalti juu, juu kabisa, watu wakaanza kumzomea na kumtukana. Wewe ukasema, "Msimlaumu, ndugu wasikilizaji, jua limemwingia machoni." Nikakuvuta suruali. "Jua lipi, Babu? Mbona mawingu?" Ukaifunika maiki kwa kiganja, ukainama. "Nyamaza, mke wangu. Mama yake anasikiliza." Nilikuwa mdogo lakini nilielewa. Babu, sijapata kumsikia mtu mwenye mdomo mkali kama wako ambaye mdomo huo haujawahi kumuumiza mtu.

Na kila mechi, tufunge tufungwe, ulimaliza kwa maneno yale yale. Filimbi ikishalia hukusema kwaheri wala asanteni kwa kutusikiliza. Ulisema, "Mama Tumaini, bandika maji, narudi." Basi. Ukazima. Njia nzima ya kwenda nyumbani watu walikuwa wanamwita Bibi wakipita: "Mama Tumaini, maji tayari?" Naye anajibu kwa hasira, "Mnataka kumwogesha nyinyi?" Huku sufuria iko jikoni, imechemka zamani.

Ile ya ukungu nayo siwezi kuiruka, utanisamehe. Redio ya hapa mjini ilikuwa imeanza kukupigia simu utangaze mechi za mbali, na timu ya sokoni ilikwenda kucheza Igamba, kwenu, miezi ya baridi. Soko zima tuliizunguka redio ya muuza nyama. Ukungu ukashuka. Ukafunika goli la mbali, ukafunika wachezaji, mwishowe nadhani hata viatu vyako ulikuwa huvioni. Mtu mwingine angesema jamani sioni kitu. Wewe, thubutu! Ulisikia watu wa upande wa pili wakipiga kelele, ukajaza mapafu: "Goooli! Tunduma tumefunga! Mama yangu, goli gani hili!" Huku sokoni palikuwa hapakaliki. Muuza nyama alimkumbatia mtu waliyekuwa hawasalimiani. Kumbe kelele zile zilikuwa za kumfukuza ng'ombe aliyetoka kwenye mashamba ya kahawa, akajitia kwenye nyavu na pembe zikanasa. Mechi yenyewe sare, bila bila.

Jumapili iliyofuata ukaomba radhi hewani. "Wasikilizaji, wiki iliyopita niliwapa goli. Lile goli lilikuwa ng'ombe. Naomba mnisamehe. Ila furaha mliyopata ni yenu, sidai irudishwe." Tangu siku hiyo hapa sokoni habari yoyote isiyoaminika inaitwa goli la ukungu. Mtu akisema ushuru umepunguzwa, utasikia, "Aa, goli la ukungu hilo."

Halafu miguu ikakuchosha, mkarudi Igamba wewe na Bibi. Nilidhani utanyamaza. Loo! Ukawa unatangaza kuku barazani. Jogoo wa jirani akiingia, unapiga kelele kwamba ameotea. Mwaka jana nilipokuja na sukari, uliniketisha karibu yako, ukaniambia kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea.

"Mke wangu, nikifa, wanangu watalia. Hiyo ni kazi yao. Wewe ni mtani wangu, usije ukalia na wewe. Unitangaze."

"Nikutangaze nini, Babu?"

"Mechi yangu ya mwisho. Kaburini pale pale, wakinifukia. Niahidi."

Nikakuahidi nikicheka. Nilidhani tuna muda, Babu wangu.

Siku ya habari yenyewe nilikuwa nampimia mteja kitenge. Simu ikaita, ni Bibi. "Mke mwenzangu, njoo. Mume wetu hakuamka." Mkasi ulinidondoka. Mama anayeuza dagaa hapa jirani akanishika mabega, nikamwambia nilichosikia, naye macho yakamjaa maji. "Mwanangu, hebu piga tena," akasema. "Labda ni goli la ukungu." Nikapiga tena, Babu. Nilipiga kweli. Bibi akapokea, sikusikia ila pumzi yake. Nikafunga kibanda.

Msibani sasa. Jioni ya kikao cha familia nikasimama, nikaeleza ulivyoniagiza. Baba mkubwa Tumaini, kifungua mimba wenu, mzee wa kanisa mwenye suti yake, akakataa palepale.

"Hapana. Msiba si uwanja wa mpira. Watu watasema hatukumheshimu baba yetu."

"Baba mkubwa, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba."

"Alikuwa anatania. Lini alisema jambo bila utani?"

"Ndiyo, na mtani wake ni mimi!" Nilipandisha sauti, unanijua. "Wewe ni mtoto wake, wewe lia. Sisi wajukuu tuachie kazi yetu."

Mama akanifinya. Wazee wakakohoa. Kila mtu akamgeukia Bibi aamue, kwa sababu ndiye mwenye msiba. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ametazama mikono yake. Akasema amechoka, akainuka akaenda kujinyoosha. Baba mkubwa akachukulia kwamba ndiyo amekubaliana naye, kikao kikafungwa. Nilikasirika, Babu, nisikufiche. Nilimkasirikia hata Bibi. Nilijiona nitakuzika bila kutimiza neno moja uliloniomba maisha yako yote.

Kesho yake tukakupeleka pale nyuma ya nyumba, karibu na mibuni yako. Watu walikuwa wengi mpaka wamesimama ndani ya shamba la jirani. Timu ya sokoni ilikuja na jezi, madereva wa malori walikuja, Nakonde walikuja na kwaya. Mchungaji akaomba vizuri, jeneza likashuka, watu wakachukua makoleo. Udongo mkavu, vumbi likapanda. Mimi nimesimama nyuma, nimefunga mdomo kama nilivyoagizwa.

Hapo Bibi akainuka. Taratibu, akajifungua ncha ya kitenge chake, akatoa kitu, akanyoosha mkono kwangu mbele ya kila mtu. Soksi ya zambarau, Babu. Imefuliwa.

"Mke mwenzangu," akasema, "hapa vumbi ni jingi. Ivalishe kwanza hiyo maiki."

Mchungaji akamtazama Baba mkubwa. Baba mkubwa akamtazama mama yake. Halafu akaichukua maiki ya kwaya yeye mwenyewe, akaniletea.

Nikaivalisha soksi. Nilipofungua mdomo ikatoka sauti yako. Sijui ilitoka wapi. "Wasikilizaji popote mlipo, habari za mchana! Tuko hapa Igamba, hakuna ukungu, hakuna ng'ombe, leo tunaona kila kitu. Mzee wetu amelala chali golini, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hana la kusema." Nikasikia mtu anaguna, mwingine anacheka puani. Nikaendelea. Nikawatangaza wenye makoleo. "Anakuja Baba mkubwa Tumaini, kifungua mimba, anachota, anarusha... aa, amemwaga kwenye viatu vya mchungaji! Mzee wa kanisa, umeshika Biblia siku nyingi, koleo umelisahau! Kadi ya njano!" Babu, Baba mkubwa alisimama na koleo lake, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani nimemwudhi. Kumbe anacheka. Anacheka machozi yanamtiririka kwenye suti, na watu wote nyuma yake hivyo hivyo, wanacheka wanalia, wanafukia. Nikawatangaza timu ya sokoni, nikawatangaza Nakonde na "Mulishani mukwai" yao, nikasema marehemu amevuka mpaka bila kugonga muhuri na safari hii hatafutwi. Nilitangaza mpaka kaburi likajaa na mashada yakawekwa. Sikulia. Nilikuahidi, sikulia.

Halafu ikabaki kumaliza. Nikasema, "Na filimbi ya mwisho imelia." Kila mtu pale alijua kinachofuata. Nikavuta pumzi, nikasema, "Mama Tumaini, bandika maji..." nikakwama. Lile neno la mwisho lilikataa, Babu. Ningelisemaje? Hurudi. Nilisimama na maiki mdomoni.

Bibi akaja akaichukua maiki mkononi mwangu. Bibi ambaye hajawahi kushika maiki, aliyekuwa anakukemea kila Jumapili kwa kumtaja mbele za watu. Akaisogeza karibu mno na mdomo, kama simu, pumzi zikasikika kwanza.

"Baba Tumaini," akasema. "Leo usiharakishe kurudi. Wewe tangulia, kapumzike. Maji nitakuja kuyabandika mwenyewe."

Akaivua ile soksi, akaikunja, akaifunga tena kwenye ncha ya kitenge chake.

Hayo ndiyo uliyoyakosa. Sasa nimeyasema yote, na huku sokoni nimelia kidogo, hakuna maiki kwa hiyo haihesabiki. Mteja wangu amesimama ananitazama, niruhusu nimhudumie. Bibi hajambo, usimwite mapema, bado tunamhitaji. Na ukishindwa kumsubiri, oga tu maji ya baridi, hayawezi kukuua tena.

Ni mimi, mjukuu wako na mtani wako,
mke mwenza wa Bibi.