Glasi Niliyomrudishia Mama Yako

27 Mtaa wa Garnet,
Oldham, Uingereza.
12 Mei, 1996.

Mpendwa mpwa wangu Neville,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mkeo Ngaire, na kwamba lile jino la mbele la binti yenu Tessa limeshaota. Mimi sijambo, ila goti la kushoto hunikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Mama yako naye hajambo, na habari zake ndizo zilizonikalisha mezani.

Mara mbili uliniuliza kama bia yake bado ni ile ile, na mara mbili nikakujibu, "Nzuri tu." Nilikudanganya, mpwa wangu, unisamehe. Tangu Machi bia ya baa yake ya Kengele Tatu ilikuwa siki.

Yale mafua ya Februari yaliyomlaza wiki mbili yaliondoka na pua yake na ulimi wake. Nyama ikiungua hasikii harufu, na chai yenye sukari na isiyo na sukari kwake ni mamoja. Hakumwambia mtu. Unamjua. Kila asubuhi aliteremka chumba cha chini kama alivyofanya miaka ishirini na sita, akakinga kidogo kutoka kwenye pipa, akaonja, akakubali kwa kichwa, akapanda juu kutuuzia. Bia ya pipa haina subira. Ikikawia siku chache inageuka, na macho peke yake hayawezi kuijua.

Utauliza kwa nini hakuna aliyesema. Kwenye baa yoyote mjini, bia ikiwa mbovu unairudisha kaunta, unapewa nyingine, yamekwisha. Lakini huyu ni Doreen, aliyefunga baa siku nilipomzika mke wangu Edna na kuwapikia watu wote waliokuja. Nani angeanza? Tulisema, "Safi, Doreen," akigeuka tunamwaga kwenye chungu cha maua pale dirishani. Pasaka ilipofika ule mmea ulikuwa umekauka kama ufagio, naye akalaumu baridi ya kioo.

Hata Percy Shawcross alinyamaza. Unamkumbuka, yule fundi saa mstaafu asiyeridhika na chochote: mara kiti kibovu, mara moto mdogo, mara mbwa wa fulani ananuka. Percy alimaliza glasi nzima ya siki bila neno, machozi yakimlengalenga.

Jumapili iliyopita mchana wakaingia wageni wawili wenye madaftari, wale wapenzi wa bia wanaozunguka mji hadi mji wakionja na kuandika. Mama yako akanyoosha aproni yake, uso umemng'aa. Akashika mpini wa pampu kuwamiminia. Nikaona heri asikie kwangu kuliko kwa watu baki. Nikainuka na glasi yangu, nikaiweka mbele yake.

"Dada, hii imeharibika."

"Wilf, acha utani wako, kuna wageni."

"Sitanii. Ni siki."

Mama yako akauachia mpini. Akatutazama mmoja mmoja. "Percy?"

Percy akainamia viatu vyake. "Kiti changu kimelegea."

"Nani kakuuliza habari za kiti? Nauliza bia!"

"Siki, Doreen. Tangu Machi."

Mama yako akageuka polepole kutazama dirishani, kwenye ule mmea uliokauka. Akatundika kitambaa chake juu ya pampu, akashuka chini. Wale wageni tuliwapa soda na pai.

Nilimkuta amekaa juu ya kreti, kiganja chake kwenye pipa.

"Mmenihurumia," akasema. "Miezi miwili mnanihurumia kama kikongwe asiyejiweza. Nafunga, Wilf. Kesho mwenye nyumba atapata funguo zake."

Niliona aibu, Neville, aibu ya kweli, maana alichosema ndicho tulichofanya.

Ndipo tukasikia fimbo ngazini, na Percy nyuma ya fimbo. "Ngazi hizi zitaniua. Na baridi gani hii? Halafu hilo pipa la mwisho umelilaza upande."

Mama yako akamkodolea macho. "Kumbe bado unalalamika! Nilidhani umepatwa na ugonjwa."

"Nimepatwa. Tumbo. Umelisababisha wewe."

Mama yako akacheka, mpwa wangu. Alicheka huku analia, nami nikalia vilevile, nisikufiche.

Funguo hazikurudishwa. Tangu Jumatatu Percy anashuka kila siku saa nne asubuhi kumwonjea. Siku ya kwanza alisema, "Mbaya," galoni tisa zikamwagwa uani. Siku ya pili, "Mbaya, ila afadhali," pipa la pili nalo likamwagwa. Alhamisi walifungua pipa jipya. Percy akaonja, akaiinua glasi kwenye mwanga, akaonja tena.

"Glasi ina alama ya kidole," akasema.

"Na bia?"

"Bia ni bia."

Mama yako akamnyang'anya ile glasi akainywa yote, yeye asiyesikia ladha hata chembe, macho yake yote usoni kwa Percy.

Daktari anasema huenda ladha ikarudi, huenda isirudi. Mama yako mwenyewe ameniruhusu nikuandikie yote haya. Ua jipya amelinunua, jekundu kama lile la kwanza, lakini halikai tena dirishani. Liko kaunta, karibu na pampu, anapoliona vizuri.

Mkija Krismasi atakumiminia glasi ya kwanza mwenyewe. Ukiikuta mbovu, irudishe kaunta hapo hapo, kama mteja mwingine yeyote.

Msalimie sana Ngaire, na umbusu Tessa kwa niaba yangu. Jirani yetu Hilda anawasalimu. Percy pia anakusalimu, na anasema stempu za nchi yenu hazigandi vizuri.

Mungu awalinde huko mliko, na awajalie walau mlalamishi mmoja wa kweli.

Mjomba wako akupendaye, asiyekudanganya tena,

Wilf