Mita Kumi na Sita

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, shemeji na mwanao, na kwamba miguu haiwaki moto kama zamani. Mimi mwili mzima. Moyo tu umekosa pa kukaa. Umezoea nikupigie simu, lakini hili nisingeweza kulisema huku nakusikia unacheka.

Ni mimi niliyekupeleka kwa Kocha, kama mnavyomwita ninyi wagonjwa mtaalamu wa viungo wa kliniki yetu. Ulipoambiwa ugonjwa wako unakula utando wa mishipa ya fahamu, nilikuapia kwamba mikono ile imeinua wengi. Ukaja majuma kumi, ukapanda kibao na kushuka, ukavuka kamba sakafuni, ukimtania kwamba hata mumeo alipokuposa hakukuhangaisha namna ile.

Kazi yangu unaijua: nakaa kwenye stuli, nahesabu mgonjwa anakata ukumbi mara ngapi ndani ya dakika sita, kutoka koni moja ya plastiki hadi nyingine, kisha nazidisha kwa mita ishirini, naandika kwenye kadi yake na kutia saini. Ulianza na mara tisa. Siku ya mwisho ukafikisha kumi na nne, yaani mita mia mbili themanini. Kocha alikuwa amekuahidi kwamba ukipita mia mbili hamsini, mkongojo utabaki wa kufukuzia kuku. Ulilia kwa furaha, na Jumatatu unarudi kufundisha, darasa la ghorofani.

Dada, ukumbi haukuwa mita ishirini.

Seremala alikuja kupimia vyuma vya kushikia ukutani, akaniomba nimshikie utepe. Koni hadi koni ni kumi na sita. Alipoondoka nikapima tena peke yangu. Nikamwendea Kocha nikidhani wafagiaji wamezisogeza. Hakushtuka. Alisema alizisogeza mwenyewe juma la nne, alipoona namba za wengi wenu hazipandi na wafadhili wa kliniki wako njiani kuja kukagua; namba ikipanda, mguu nao hupata moyo. Nikamkumbusha kwamba dada yangu ni mmoja wao. Akanigusa bega kwa upole, kama anavyowagusa ninyi.

“Kijana, kadi zote zina saini yako. Yangu haimo hata moja.”

Huyo ndiye niliyemwita mwalimu wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo niliivaa kwa fahari.

Sijamaliza. Hayo niliyajua majuma mawili kabla ya kipimo chako cha mwisho. Nilikaa kwenye stuli ileile, nikahesabu kumi na nne, nikaandika mia mbili themanini, nikapiga makofi pamoja na wengine. Niliogopa kufukuzwa. Yeye alinisaliti mimi. Wewe tumekusaliti wawili.

Hesabu ya kweli ni hii: ulianza na mia moja themanini, sasa unatembea mia mbili ishirini na nne. Hizo arobaini na nne ni jasho lako, hakuna aliyekupunguzia njia. Ila hazitoshi kuacha mkongojo, sembuse kupanda ngazi bila kushika. Nimeshamwandikia daktari mkuu haya haya. Litakalonipata na linipate.

Nisalimie shemeji, na mbusu mwanao. Sikuombi unisamehe upesi. Jumatatu asubuhi nitakuwa chini ya ngazi za shule. Usiponipa mkono, nitapanda nyuma yako.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba