Sili Iliyojaribiwa kwa Maji Safi

3 Machi

Kaka, shikamoo. Sisi wazima, mama magoti tu. Sili uliyotuundia, ya kuzuia maji yasiingie kwenye mota, imefika, na nimeifunga mwenyewe kwenye pampu ya mji. Bosi alisita, nikamwambia kaka yangu hasaini kitu asichokijaribu. Lile dumu la maji ya mto tunaoupampu, ya kuijaribia sili, lilifika? Shangazi analalamika mpaka leo kwamba nilimbebesha mto mzima kwenye ndege.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Nami mzima, baridi tu. Kaa bila wasiwasi. Zile pete mbili, moja ikizunguka na shafti, nyingine imetulia, zimesuguana saa mia tatu kwenye meza yangu ya majaribio bila kuvuja tone. Dumu lilifika.

Kaka yako

11 Mei

Kaka, shikamoo. Habari za afya? Sili imevuja. Maji yameingia kwenye mota, imeungua, mji ukakaa siku nne bila maji. Bosi anasema niliifunga vibaya. Nimesimamishwa mpaka kikao cha Juni. Niandikie barua ya kueleza, moja tu.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu, marahaba, na pole. Kumbuka vizuri: hukuushika uso wa pete kwa vidole? Hata mafuta ya mkono huuharibu.

Kaka yako

16 Oktoba

Mdogo wangu, mama anaendeleaje? Nimenyamaza miezi minne kwa aibu, si kwa kazi. Dumu lako nililifungua Juni. Mchanga ulikuwa umejaa chini, unene wa kidole. Nikazungusha sili kama yako kwa maji hayo. Ikavuja baada ya saa sita tu. Nilikuwa nimeijaribu kwa maji ya bomba ili mchanga usichakaze meza yangu mpya. Na mto ule naujua. Niliuvuka kwa miguu kila siku nikienda shule. Nilipokuuliza habari za vidole, tayari nilishaanza kujishuku. Ndani kuna barua ya kumpa bosi wako, yenye sahihi yangu. Nisamehe.

Kaka yako

5 Novemba

Kaka, shikamoo. Tuko wazima. Bosi ameisoma mara mbili, akasema laiti ingefika Juni. Pampu sasa ina mtu mwingine. Mama nilimwambia nilifukuzwa kwa kulala zamuni. Picha yako kando ya ile meza ya majaribio bado anawaonyesha wageni. Tafadhali usimwandikie lolote. Mimi ameshanisamehe.

Mdogo wako