Mko Wangapi Humo Ndani?

Shoga, leo nimeaibika, uso sina pa kuuweka.

Jirani wa juu, yule fundi cherehani, kagonga. "Mashine yako inanguruma kila siku. Kwani mko wangapi humo ndani?"

Nikamjibu tuko saba. SABA! Na unajua naishi peke yangu. Limenitoka tu.

Akachungulia sebuleni. Akaziona mashine zangu sita za kufulia, kuukuu zote, zimekaa mahali pa makochi. Ile kongwe ya kijani ilikuwa inazunguka. Akafunua kifuniko, akatoa shati moja, akalinusa.

"Mbona hili safi?"

Nikasema najua.

Hakucheka. Bora angecheka! Akalirudisha shati, akaondoka.

Sasa hivi nimefungua mlango, nimekuta furushi. Nguo za wanawe, zimejaa matope.

Sijazifua, shoga. Nimezipakata tu.